Mtoto Aliyenyonya kwa Kengele ya Shule

Juzi mjukuu wangu alikuja kunitembelea na mtoto wake mchanga. Mtoto akapiga chafya. Badala ya kumfuta kamasi, mama mtu akatoa simu akaanza kuiuliza. Mimi nilinyamaza kwa sababu nililelewa kwa adabu, lakini moyoni nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Nyinyi vijana mnadhani mambo haya yameanza na nyinyi. Kabla ya simu zenu kulikuwa na redio, na kabla ya redio kulikuwa na mimi.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto katika zahanati moja upande wa Shinyalu. Kazi yangu ilikuwa kupima uzito, kuchanja na kushauri. Kupima utajifunza asubuhi moja. Kuchanja kunataka mkono uzoee. Kushauri ndiko kulikonishinda. Nilistaafu nikiwa bado najifunza.

Miaka ya tisini redio ilikuwa na kipindi cha malezi, kila Jumanne baada ya taarifa ya habari. Mtangazaji wake alikuwa mama mmoja mwenye sauti laini kama uji uliopoa. Jina lake halisi wengi hawakulijua, kwa hivyo kijijini aliitwa Mama Malezi, na Jumanne asubuhi ungeona betri zimeanikwa juani kwenye mabati ili zipate nguvu ya kumsikiliza. Wenye redio walisikiliza, wasio nayo walihadithiwa kisimani, na ikifika Jumatano, siku yangu ya kliniki, mashauri yake yalikuwa yameshavuka milima na mabonde na kurudi yakiwa na mikia.

Nikianza kuwahesabia vituko vyake hatutamaliza. Kulikuwa na wiki ya mayai, ambapo hata watoto wasio na jino walisongwa kiini cha yai. Ikafuata wiki ya karanga. Akasema tena kwamba mtoto asibebwe mgongoni kutwa nzima, miguu itapinda. Mama mmoja anayeishi karibu na msitu kule Isecheno akamtua wake kwenye mkeka, akampa ndizi, akaenda kulima mita chache tu kutoka hapo. Nyani akatoka msituni, akaichukua ile ndizi mkononi mwa mtoto bila haraka, akaimenya, akaila akiwa ameketi kando yake. Mtoto alifurahi sana kupata mgeni. Mama ndiye aliyeletwa kwangu akitetemeka, na tangu siku hiyo miguu ikipinda ipinde, mtoto wake hakushuka mgongoni.

Na baba mmoja, shemasi wa kanisa, alisikia kwamba mtoto haamrishwi, hupewa nafasi ya kuchagua. Akamwita kijana wake akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, ungependa kupeleka ng'ombe malishoni ama ungependa kuteka maji?" Kijana akafikiri, akajibu, "Baba, ningependa kulala." Shemasi alikuja kwangu kuuliza kama kuna dawa.

Msicheke sana. Huyo huyo Mama Malezi ndiye aliyewafundisha watu kuchanganya maji, chumvi na sukari mtoto akiharisha, na ninawajua watu wazima wanaotembea hapa Kakamega leo kwa sababu ya Jumanne ile. Hata mimi nilimsikiliza. Nilijifanya nafagia nje ya nyumba ya jirani, lakini nilikuwa nasikiliza. Shauri jema si adui wa mzazi. Taabu ni pale mzazi anaposikiliza mpaka anasahau kumtazama mtoto.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Peninah, maana wauguzi sote tuliitwa Sista, mwanamke mfupi mwenye saa aliyoibana kifuani kwa pini, na mdomo usio na breki. Siku yangu ya kwanza alinisikia nikimwuliza mama, "Mtoto wako hula nini?" Mama akajibu, "Maziwa, mayai, matunda na mboga za kijani." Nikaandika, nikafurahi. Sista Peninah akanivuta pembeni. "Huyo amekusomea ukuta," akaniambia, na kweli picha za vyakula hivyo zilikuwa ukutani nyuma yangu. Kisha akamgeukia yule mama, "Jana jioni mlipika nini?" Mama akaangalia chini. "Ni obusuma na mboga, Sista. Mtoto alikula obusuma tu." Ugali mtupu, basi. Tangu hapo sikuuliza tena mtoto hula nini. Niliuliza jana. Kama mtaifanya kazi hii, ama hata kama mtakuwa tu na jirani mwenye mtoto, ulizeni jana.

Sista Peninah alikuwa na saa nyingine, ya mbao, kubwa kama sinia, yenye mishale ya kuzungusha kwa kidole. Kwa saa hiyo alifundisha kina mama kunyonyesha kwa vipindi: saa hii, kisha saa ile, na katikati mtoto asipewe hata akilia. Ndivyo sisi sote tulivyofundishwa wakati huo, na tulifundisha kwa sauti kubwa. Halafu tukaitwa semina, tukaambiwa mambo yamegeuka: mtoto anyonye wakati wowote anapotaka. Tukarudi, tukafundisha hilo nalo kwa sauti ile ile. Sista Peninah, aliyekuwa amekaribia kustaafu, aliipeleka saa yake stoo na kuniambia, "Usiifanye kuni. Wakubwa wakigeuka tena, tutaitafuta."

Sasa nifike kwa Jentrix, maana yeye ndiye aliyenifanya niketi kuwasimulia haya.

Alikuja Jumatano moja na mama mkwe wake, Mama Rasoa. Mumewe alikuwa akikata miwa upande wa Mumias na alionekana nyumbani mara moja moja. Mtoto aliitwa Emanueli, alikuwa bado wa kunyonya tu, msafi, amepakwa mafuta hadi anang'aa. Nilimtia kwenye ile suruali ya kitambaa ya mzani nikamning'iniza. Enyi wanangu, mtoto mzima akining'inizwa kwenye mzani hupiga mateke na kumtukana muuguzi kwa lugha yake. Emanueli alining'inia kimya, akinitazama. Mimi huogopa mtoto mpole kwenye mzani kuliko mtoto anayepiga kelele.

Nikauliza swali langu. "Jana alinyonya wakati gani?"

"Wakati wa kengele, Sista."

"Kengele gani?"

"Ya shule." Akanieleza kwa fahari kidogo. Mama Malezi alikuwa amesema mtoto anyonyeshwe kwa saa maalumu, la sivyo kilio kitakuwa silaha yake, na akamalizia kwa ile methali, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. "Sasa mimi sina saa. Lakini shule iko hapo chini tu, na kengele yao hainanga uongo. Ikilia, namunyonyesha. Kama haijalia, nangojanga."

"Na shule ikitoka jioni?"

"Naangaliaga kuku. Wakiingia ndani, namunyonyesha tena."

Nilicheka, nisiwafiche. Niliijua kengele ile, rimu kuukuu ya lori iliyofungwa kwenye mkaratusi, ikigongwa kwa chuma asubuhi, wakati wa mapumziko, wakati wa chakula na wakati wa kwenda nyumbani. Kisha nikatazama kadi ya mtoto na kicheko kikaisha. Mstari wa uzito, ambao ulipaswa kupanda, ulikuwa umelala, na mwishoni ulikuwa umeanza kuteremka.

Nikamwambia yote niliyopaswa kumwambia. Mtoto anyonye akitaka, mchana na usiku, asingoje kengele wala kuku. Jentrix akaitikia, "Ndio, Sista." Nyinyi mlio wa hapa mnaijua ndio hiyo. Ni ndio ya kumaliza maneno.

Mama Rasoa hakuwa na subira ya kuitikia. "Sista, usimugombeze bure. Si ni hapa hapa mulitufundisha? Kulikuwa na sista mufupi na saa ya mbao. Mimi nililea wote kwa hiyo saa. Sasa leo mumesahau?"

Mstari mzima wa kina mama ukageuka kunitazama. Ningesema nini? Kwamba ile ilikuwa elimu ya jana na hii ni ya leo, na ya kesho siijui? Nilisema hivyo hivyo, kwa maneno mengi zaidi. Mama Rasoa akaguna. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipokuwa akilea, saa ya Sista Peninah ilibaki zahanati na yeye aliwanyonyesha wanawe shambani kila walipolia. Lakini nani asiyekumbuka malezi yake yakiwa yamenyooka kuliko yalivyokuwa?

Wiki iliyofuata mstari ulikuwa umeteremka tena. Nikamwomba Mama Rasoa amshike mtoto nje, nikafunga mlango. Nikamwuliza Jentrix, bila ukali, kwa nini hakufanya nilivyomwambia. Alikuwa msichana mwenye akili. Kwamba hakuelewa nisingekubali.

Alikunjakunja leso yake. Kisha akasema, "Sista, huyu si wa kwanza. Kulikuwa na musichana. Nilikuwa nambeba, nambembeleza, akilia kidogo nampatia. Akakufa hata hajatambaa. Kwa matanga nilisikia wamama wakisema nyuma ya jikoni, huyu hakujua kulea, alimudekeza." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Ule wa kwanza nilimulea vile nilikuwa najua. Huyu namulea vile wanajua."

Wanangu, mimi nilisomea uuguzi, nikahudhuria semina nyingi na kula mikate yao mingi, lakini hakuna aliyekuwa amenifundisha neno la kujibu hapo. Nilihisi uchungu sana. Nikaona kwamba maneno yangu kwake yalikuwa sauti nyingine tu juu ya sauti ya redio, na kwamba yangu ilikuwa na nguvu kidogo kwa sababu haikuwa na muziki mbele yake. Nikamwambia kwamba kama mtoto hatapanda wiki ijayo, nitampeleka hospitali ya Iguhu mimi mwenyewe. Aliogopa. Niliogopa pia.

Mtu akizama hushika hata unyasi, na mimi nilishika kengele. Jioni ile nilipita shuleni kumwona mwalimu mkuu, mtu mnene mcheshi aliyependa kuitwa Headmaster hata na mke wake. Nikamwomba kengele igongwe kila kipindi cha somo kikiisha, si mapumziko tu.

"Kuna mgeni kutoka wizarani?" akaniuliza.

"Kuna mtoto ana njaa."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa, kisha akaacha kucheka, akasema, "Sista, nina walimu ambao kipindi chao huisha kabla hakijaanza. Kengele zikiongezeka watasema nimeanza udikteta." Lakini aligongesha. Wiki nzima rimu ile ililia kama kuna moto, walimu wakanuna, na watoto wa darasa la kwanza walitoka mbio kwenda nyumbani kila mara. Pale juu ya kilima, kila ikilia, Emanueli alipewa titi. Jumatano ile mstari wa uzito haukupanda, lakini ulikuwa umeacha kuteremka. Nilikaribia kumpigia mzani makofi. Hospitali ikangoja.

Nikiwa bado najisifu kwa ujanja wangu, nikakumbuka kalenda. Tulikuwa tunaingia Agosti. Shule ikafungwa, rimu ikanyamaza, na mimi nikabaki nikijiuliza yule mtoto atanyonya kwa amri ya nani.

Jumatano mbili hawakuja. Mvua ilikuwa nyingi, njia za miguu zilikuwa matope matupu, na mimi nilikuwa nikitazama mlango kila ukifunguliwa. Nilikuwa nimeshaamua kuwafuata nyumbani walipotokea, Jentrix amelowa hadi magotini, mtoto amefunikwa, na Mama Rasoa nyuma yao na mwavuli uliobaki vyuma. Jentrix alikuwa na uso wa mtu anayekuja kukiri kosa.

"Sista, nimeharibu mutoto."

Nikaiweka kalamu chini. "Amefanya nini?"

"Shule imefungwa. Hakuna kengele. Siku ya kwanza nilingoja, nikangoja, kuku wakakataa kuingia kwa sababu ya mvua ama nini sijui. Akalia. Nikampatia. Akalia tena, nikampatia. Sasa ananyonya vile anataka. Hata sijui ni mara ngapi. Nimemudekeza, Sista, kama ule mwingine."

Nikamvua Emanueli nguo nikamtia kwenye suruali ya mzani. Akapiga teke la kwanza, akapiga la pili, akafungua mdomo akanitukana mimi, mzani na serikali nzima, kisha akanikojolea kuanzia kifuani hadi kwenye viatu. Kina mama walipiga vigelegele. Mshale wa mzani ulipotulia niliutazama, nikapangusa macho, nikautazama tena. Mstari ulikuwa umepanda kama mtu anayekimbilia basi.

Hapo ndipo nilipotaka kuhubiri. Mdomo wangu ulikuwa tayari umefunguka: umeona sasa, Jentrix, si nilikuambia, kuanzia leo fanya hivi na hivi. Nikamtazama. Alikuwa amesimama wima, macho kwenye midomo yangu, akingoja nilie kama rimu ya shule. Na Septemba ingefika. Na Jumanne ingefika. Mama Malezi angesema neno jipya, au semina ingebadilika, na Jentrix angelipokea na kulitekeleza lote, hata kama mtoto analia mbele yake.

Nikafunga mdomo. Walionijua watawaambia halikuwa jambo dogo. Kisha nikamwuliza, "Wewe unaonaje?"

Akageuka nyuma kutazama kama namwuliza mama mkwe wake. "Mimi?"

"Wewe. Umekaa naye wiki hizi zote. Unaonaje?"

Alifikiri sana. Chumba chote kilimngoja, hata Mama Rasoa, ambaye kungoja si kipawa chake. "Naona," akasema polepole, "alikuwa tu anasikia njaa." Akamtoa mtoto wake kwenye mzani, akamkaza kifuani. "Kwa hivyo ule wa kwanza, Sista. Ina maana si mimi nilimuua?"

Nilimwuliza yule mtoto wa kwanza aliuguaje, akaniambia: joto kali, kutetemeka, degedege, na mvua kubwa iliyofunga njia ya hospitali. Tulizika wengi wa namna hiyo mwaka ule. Nikamshika mkono mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti ya kufika nje, wale waliozungumza nyuma ya jikoni wasikie kama walikuwapo, "Ilikuwa malaria, Jentrix. Si mikono yako. Si maziwa yako. Malaria."

Alilia. Mimi pia nililia, na uniform yangu ilikuwa imeshalowa hata hivyo. Mama Rasoa akamchukua Emanueli, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe kwa leso yake, akatoka kusimama kwenye baraza akitazama mvua.

Shule zilipofunguliwa Septemba nilikwenda kuwatembelea. Nisiseme uongo, nilikwenda kupeleleza. Nilimkuta Jentrix katika kishamba chao cha majani chai, anachuna, mtoto mgongoni. Tulisalimiana, nikaanza kuchuna naye upande wa pili wa mstari, vibaya, akinicheka kwa sababu nilikuwa nachuna na majani mazee. Kule chini rimu ikagongwa. Watoto wakapiga kelele wakitoka kwa mapumziko. Jentrix aligeuza shingo kidogo, akamwona Emanueli amelala mdomo wazi, akaendelea na kazi.

Tulichuna hadi karibu na mwisho wa mstari. Kisha akasema, bila kuacha kuchuna, "Sista, hujawahi kuniuliza jina la ule wa kwanza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeuliza joto, nimeuliza degedege, nimeuliza kila kitu ambacho muuguzi huuliza.

"Aliitwa Imali," akasema. "Akinyonya alikuwa ananishika sikio, hivi, hata akilala haachilii." Akajishika sikio kwa vidole vyenye utomvu wa chai kunionyesha. Alikuwa anatabasamu, tena anajivuna, kama mama yeyote anayesimulia habari za mtoto wake.